Ndege si Chukudu

Kwetu mtu akifa tunasema amepumzika. Kwa hiyo ndugu za baba waliponiambia kwenye simu kwamba wameamua aende Butembo apumzike, nilikata simu. Baadaye nikawaambia ni mtandao. Mtandao wa Goma una makosa mengi, na siku hiyo nikauongezea moja lisilo lake.

Baba alikuwa hai, ameketi mbele yangu nyumbani kwetu Majengo, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia alikuwa ameulaza mapajani. Kiharusi kilimkuta akifunga kamba za viatu, kikamchukulia upande huo wote. Mkono ulirudi kiasi, mguu ukabaki mzito. Kikachukua na maneno. Nasema maneno, sisemi akili. Alitaka kusema kesho akasema jana, alitaka sukari akaomba chumvi, na kila mara alijua amekosea, unayaona macho yanakasirika kabla mdomo haujafungwa. Mimi niliyekaa naye niliijua tofauti hiyo. Walioamua mambo yake kwa simu hawakuijua, na hawakuuliza.

Kabla ya hapo alikuwa rubani. Hakuwa wa yale madege makubwa yaliyokuwa yakitingisha mabati ya Birere; alirusha ndege ndogo, propela moja puani, akipeleka chumvi na sabuni kwenye viwanja vya udongo upande wa Walikale na kurudi na wagonjwa. Alistaafu kwa heshima zake. Sasa uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu vita viingie mjini, na juu ya paa letu hapapiti kitu zaidi ya kunguru. Lakini mtu aliyeruka miaka yote hiyo hawezi kukaa anaangalia ukuta, na mimi siwezi kukaa namwangalia anayeangalia ukuta. Nikamwambia nitamtengenezea ndege.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na kompyuta, kibanda changu kiko Birere, na kuchomea waya naweza hata nikiwa na usingizi. Kompyuta tulikuwa nayo, na sola ya kuiwasha. Programu ya kurusha ndege nilikuwa nayo pia. Ndani yake mna dunia nzima, na Goma imo, na ziwa, na volkano imekaa mahali pake. Kilichokosekana ni cha kushika na cha kukanyaga, maana ndege hairushwi kwa kubonyeza vitufe kama mtu anayeandika ujumbe.

Cha kushika nilikitengeneza mwenyewe kwa mpini wa nyundo. Chini yake nikafunga vile vidude vinavyotolewa kwenye redio mbovu, vya kuongeza na kupunguza sauti. Ukisogeza mpini, kidude kinazunguka, umeme unapanda au unashuka, na kompyuta inajua umesogeza kiasi gani. Gazi, ile ya kuongeza nguvu ya injini, nayo nikaitengeneza hivyo hivyo. Palipobaki pagumu ni pa miguu. Nilihitaji kitu kinachobeba uzito wa mguu usiojua kujizuia, na Goma nzima anayejua mbao za kubeba uzito ni fundi wa chukudu.

Kwa asiyeijua, chukudu ni baiskeli yetu ya mbao, haina pedali wala kiti, ina magurudumu mawili na pembe mbili za kushika mbele, na inashuka na magunia ya viazi ambayo gari lingeyakataa. Fundi wangu anazichonga mtaa wa Murara. Nilimweleza ninachotaka, akasikiliza, akasema nirudi baadaye. Alichonga ubao wa mkaratusi wenye mhimili katikati na pa kuweka mguu kila upande, akaufunga kwa vipande vya mpira wa tairi ili ukiachwa urudi wenyewe katikati. Ulikuwa usukani wa chukudu uliolazwa chini, nami niliusifu kwa moyo wote.

Ndipo baba mkubwa akafika. Yeye ni kaka mkubwa wa baba, na ukoo ulikuwa umemtuma. Alizunguka kwa njia ya Uganda, kwa sababu barabara ya moja kwa moja kutoka Butembo imekatwa na vita, na mzee wa umri wake kusafiri hivyo si jambo dogo. Nililijua hilo, nikampikia vizuri. Lakini alipomaliza kula alinigeukia mimi, baba akiwa amekaa pale pale akimsikia, akaanza kumsema kama mtu anayesema juu ya mbuzi aliyefungwa nje.

"Mutoto, baba yako amechoka. Kichwa yake iko inaisha. Ku Butembo atakaa muzuri, kuko baridi, kuko ndugu yake."

"Umemuuliza yeye, papa mukubwa?"

"Nitamuuliza nini? Leo nikiingia alinisalimia 'kwa heri'."

Ilikuwa kweli. Baba alimpokea kaka yake mlangoni kwa furaha na kumwambia kwa heri. Nilitaka kusema kwamba pengine alimaanisha, nikayameza maneno hayo.

Nilimwonyesha baba mkubwa ile mitambo juu ya meza. Nilimweleza kila kitu, mpini, gazi, ubao wa miguu. Alivaa miwani yake, akainama, akatazama. Kisha akasema neno lake, na alipokuwa akilisema nilijua halitarudi nyuma, kwa sababu wazee wa kwetu wakitoa neno mbele ya chakula hawalirudishi.

"Bon. Kama anaweza kurusha hii ndege yako ya ku meza, nitaongea na yeye sawa mutu muzima, aseme mwenyewe anataka kukaa wapi. Kama hawezi, ananifuata. Na weye hautanikatia simu tena."

Kwa hiyo mtandao haukumdanganya.

Kesho yake baada ya chakula baba alilala, na fundi wa chukudu akaja kuukaza ubao wake kwenye sakafu. Sakafu yetu imejengwa juu ya mawe ya volkano na hakuna pembe iliyo sawa na nyingine. Akaweka kabari huku na kule hadi ukatulia. Ikabaki kazi ya kuisawazisha mitambo na kompyuta. Hii ndiyo kazi yenyewe, watu hawajui; wanafikiri ukishachomea waya umemaliza. Kompyuta haijui lolote kuhusu ulichotengeneza. Haijui katikati ni wapi, mwisho ni wapi, wala upande upi ni upi. Unaifundisha. Inakuambia sukuma mpaka mwisho huku, unasukuma. Mpaka mwisho kule, unasukuma. Sasa acha, nione katikati yako. Halafu panatokea kijisanduku kidogo kinachouliza kama unataka kugeuza upande, na unakitia alama au unakiacha.

Mpini haukutuletea ubishi. Miguu ndiyo ilituleta kwenye baraza. Nilikanyaga kushoto, nikauliza kwa sauti, sasa pua ya ndege iende wapi?

"Ukisukuma kushoto, inaenda kuume," fundi akasema. "Pembe ya kushoto ikienda mbele, gurudumu inatazama kuume. Hiyo haina mashauri."

Baba mkubwa akavua kiatu. Ujanani alikuwa akishusha kabichi kwa chukudu kutoka milimani hadi soko la Butembo, na hadithi za breki zilizokatika tunazijua wote. Akakanyaga kushoto, akakanyaga kulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Iko muzuri. Njo yenyewe." Njo ni ndiyo ya kwetu.

Na mimi ni mtoto wa Goma, nimedandia chukudu nyuma tangu sijajua kusoma. Mwili wangu ulikubali kabla ya kichwa. Watu wazima watatu, hakuna aliyesita, nikatia alama kwenye kijisanduku, upande ukageuka.

Baba alipoamka nilimnawisha uso, akaomba shati lake jeupe. Aliliomba kwa jina lake, shati, bila kukosea. Tukamkalisha kwenye kiti, nikamwekea mguu wa kulia juu ya ubao. Baba mkubwa alikaa kitandani amekunja mikono. Fundi alibaki akiegemea mlango, hakuna aliyemwambia aende.

Hapa lazima nieleze jambo moja la ndege ndogo. Propela ikiwa moja na ukaongeza gazi, ndege inavuta kushoto. Ndivyo zilivyo zote. Rubani anaizuia kwa mguu wa kulia, na usipoizuia utaishia kwenye majani kabla ya kuondoka chini. Kwa hiyo mguu uliochukuliwa na kiharusi ndio hasa mguu wa kuondokea. Sikuchagua ndege hiyo kumtesa. Yeye ndiye aliyeichagua, kwa sababu ndiyo yake.

Aliongeza gazi polepole. Ndege ikaanza kwenda, ikavuta kushoto, nikaona paja lake la kulia linakaza, mguu unashuka. Ndege ikazidi kwenda kushoto. Akakaza tena, jasho likamtoka, na kadiri alivyokanyaga ndivyo ilivyokimbilia kushoto, mpaka ikatoka njiani na kuvunjika kwenye mawe. Nikairudisha mwanzo. Akaondoka tena, ikatoka tena pale pale. Akatazama miguu yake.

"Kushoto," akasema. "Hapana. Kuume. Hii... kuume iko kushoto."

Baba mkubwa akasimama. "Umesikia? Hajue tena kushoto na kuume."

Aliniambia mimi. Hakumwambia baba. Fundi akainamisha kichwa, kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko maneno. Mimi pia niliogopa. Kwa kitambo kidogo nilifikiri pengine wao ndio wana haki, pengine mimi ndiye niliyekuwa nikijidanganya kila asubuhi kwenye chai, na nilikasirika sana kwa kufikiri hivyo, sijui nilimkasirikia nani.

Baba akapiga sakafu kwa mguu mzima. Sote tukamtazama.

"Ndege," akasema. Akatafuta neno. Tukangoja. Baba mkubwa alitaka kumsaidia, nikamwinulia mkono, mimi, mtoto, nikamwinulia mkono mzee. "Ndege si chukudu."

Baba mkubwa akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyesikia upuuzi wa mwisho. Lakini baba alikuwa anamnyooshea kidole fundi, kisha ule ubao, kisha mimi.

"Chukudu iko mikono. Unasukuma pembe, inakimbia pembe." Akapumzika. "Ndege iko muguu. Muguu inaita pua. Muguu ya kuume, pua inakuja kuume."

Nikageukia kioo. Kijisanduku kilikuwa pale, na alama yangu ndani yake.

Hakuna aliyemwambia baba kilichotokea alipokuwa amelala. Hakusikia baraza letu la miguu. Aliziona mbao, akamwona mwenye mbao, akaisikia ndege inavyomkimbia, akajua sisi watatu tumekosea nini na kwa sababu gani. Nilimweleza baba mkubwa hivyo, nikiwa nimepiga magoti chini kwa adabu, bisibisi mkononi. Nilimwambia asiyejua kushoto na kulia alikuwa ni mimi, na fundi, na yeye mwenyewe, na kwamba kama ni hivyo basi tufunge mizigo sote twende Butembo tukapumzike. Fundi akacheka, akajifanya anakohoa. Baba mkubwa hakucheka, lakini alikaa.

"Rudia," akasema.

Nikaondoa alama. Nikaona afadhali kuisawazisha upya yote, safari hii kwa miguu ya mwenyewe. Ubao ulikuwa umefundishwa na miguu yetu mizima, na mwisho wetu haukuwa mwisho wake.

Kompyuta ikamwambia asukume kushoto mpaka mwisho, akasukuma, mstari kwenye kioo ukaenda wote. Kulia mpaka mwisho. Mguu ukashuka, ukafika nusu, ukasimama. Mstari nao ukasimama nusu.

"Nachukua hapo, baba?"

Baba mkubwa akainuka kidogo kitandani. "Hapana, mutoto. Hapo unadanganya. Ile ni nusu. Unamupunguzia ndege sasa ionekane anaweza."

Nilikuwa nimechoka kuwa na adabu. "Papa mukubwa, hiyo miwani uliyovaa, unamudanganya nani nayo?"

Akaigusa miwani. Lakini si mimi niliyemaliza maneno hayo, ni baba, na hakuyamaliza kwa upande wangu.

"Usiandike," akaniambia. "Ile ilikuwa ya mugonjwa. Ngoja."

Akashika kiti kwa mikono yote miwili, hata ule wa kulia ukashika. Akasukuma. Mshipa wa shingo ulimtoka. Mguu ukapita pale pa nusu, ukatetemeka, ukapita tena kidogo, na mpira wa tairi ukalia. Hakufika kwenye mwisho wa ubao. Alifika kwenye mwisho wake.

"Hiyo njo yangu. Andika."

Nikaandika. Kompyuta haikuuliza kama ni nusu au ni nzima, ilipokea tu kwamba hapo ndipo mtu huyu anapokomea, ikagawa anga lote ndani ya hapo. Naipenda kwa hilo. Sijawahi kuona mtu wa ukoo wangu anayefanya hivyo.

Ikabaki mkono. Mkono wake wa kulia hutetemeka ukiwa umetulia, na kompyuta inausikia kila mtetemo na kuipeleka ndege ovyo. Dawa yake ni kuiambia isisikilize harakati ndogo za katikati. Sehemu hiyo kwenye kioo imeandikwa kwa Kifaransa, "zone morte", sehemu iliyokufa. Nilikuwa naanza kuipanua nikamsikia baba anasoma kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Zone morte," akasema. "Weka kidogo tu. Miye sijakufa."

Nilicheka mpaka bisibisi ikaniponyoka. Naye alicheka, na kicheko chake kilikuwa kile cha zamani, kiharusi hakikukigusa. Nilipomtazama baba mkubwa alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa ncha ya koti, kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Kisha akaivaa, akakisogeza kigoda chetu cha jikoni, akakiweka kando ya kiti cha baba, akaketi. Tangu aingie nyumbani kwetu, alikuwa hajakaa karibu naye hivyo.

Baba alikuwa anaweka mikono yake. Wa kushoto kwenye gazi, wa kulia kwenye mpini. Hakumtazama kaka yake alipoanza kuzungumza, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya. Si ulikuja kunipeleka Butembo?"

"Njo," baba mkubwa akajibu. Jibu lilikwenda kwake moja kwa moja, halikupitia kwangu.

"Kaa muzuri. Nakupeleka miye. Na nikikufikisha, nitarudi ku nyumba yangu."

Maneno hayo aliyasema yote, moja baada ya jingine, na hakuna lililotoka mahali pa jingine. Kwenye kioo njia ya kurukia ilikuwa imenyooka mbele yetu, uwanja wetu huo huo uliofungwa hapo nyuma ya nyumba, wenye mstari mweupe katikati na ziwa mwisho wake. Baba mkubwa alipitisha ulimi kwenye midomo.

"Mudogo yangu," akasema, "tutapita upande gani?"

"Tutazunguka juu ya ziwa. Halafu volkano inabaki kushoto. Halafu Rutshuru. Halafu ziwa ingine, utaiona kuume." Akafikiri kidogo. "Funga mukanda."

Kigoda cha jikoni hakina mkanda. Baba mkubwa alitazama huku na huku, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Baba akaongeza gazi. Ndege ikaanza kwenda, ikavuta kushoto kama kawaida yake, akakanyaga kulia, ikanyooka.